Daktari wa mashamba: safari ndefu ya elimu ya kilimo kwetu Congo, kutoka Yangambi hadi Mulungu

Leo tunaacha kidogo habari za barabara, bei ya unga na watu wanaokimbia. Tunazungumza juu ya shule, tena shule ya juu kuliko zote: ile ya udaktari katika kilimo. Huku vijijini, watu wakisikia kwamba mtoto wa fulani amekuwa dokta, wanauliza mara moja anatibu katika hospitali gani. Wakiambiwa kwamba ni dokta wa mihogo, au wa udongo, wengine wanacheka. Wanasema: muhogo nao unahitaji dokta? Wazee wetu walilima bila karatasi na tulikula.

Swali hilo lina haki yake, na jibu lake limo ndani ya historia yetu wenyewe. Nchi yetu iliwahi kuwa na kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo ambacho dunia nzima ya nchi za joto ilikitazama. Baadaye tulipoteza sehemu kubwa ya elimu ile, na tukalipa kwa njaa na kwa mashamba yaliyokauka. Leo vijana wetu wanajaribu kuijenga upya, kidogo kidogo, katikati ya vita.

Wakati agronomu alikuwa mtu wa kuogopwa

Wazee waliozaliwa kabla ya uhuru wanakumbuka neno "agronomu" kwa hofu. Hakuwa mwalimu. Alikuwa mtu wa Leta aliyekuja na daftari kupima kama umelima pamba yako au hukulima. Mambo hayo yalianza rasmi mwaka 1917, utawala wa Kibelgiji ulipotoa sheria ya mazao ya lazima. Mtu aliyeyasukuma sana alikuwa Edmond Leplae, mkuu wa kilimo katika wizara ya makoloni huko Brussels. Mfano wake aliuchukua kwa Waholanzi, ambao zamani waliwalazimisha wakulima wa Java kulimia serikali.

Kwa sheria hiyo, mwanakijiji alipaswa kutoa siku zake kulima zao lililochaguliwa na wengine. Katika miaka ya 1930 siku hizo ziliwekwa 60 kwa mwaka. Vita Kuu ya Pili ilipofika, mwaka 1942, zikapandishwa hadi 120. Asiyelima alilipa faini au alifungwa. Katika uwanda wa Ruzizi ilikuwa pamba, na sehemu nyingine mpunga au michikichi. Bei ilipangwa na wanunuzi, na mkulima hakuulizwa.

Ninaanza hapa kwa sababu moja. Watu wengi wa kwetu walikutana na elimu ya kilimo kwa mara ya kwanza kama amri, na mkulima hakuiona kama msaada. Mpaka leo, mtafiti kijana akifika kijijini na karatasi zake na utepe wa kupimia, kuna mzee ambaye moyo wake unafunga mlango. Mzee huyo anakumbuka, na hatuwezi kumwita mjinga kwa kukumbuka.

Yangambi: chuo msituni

Mwaka 1933 Ubelgiji iliunda taasisi iliyoitwa kwa kifupi INEAC, yaani taasisi ya taifa ya uchunguzi wa kilimo katika Congo ya Kibelgiji. Makao yake makuu yaliwekwa Yangambi, kando ya mto Congo, karibu kilomita 100 chini ya Kisangani, mji ulioitwa Stanleyville wakati ule. Ndani ya msitu ule mkubwa zilijengwa maabara, maktaba, nyumba za wataalamu, hospitali na shule. Mimea ilikaushwa na kuhifadhiwa kwenye karatasi, mpaka hazina ile ikapita vipande laki moja. Bado ipo.

Kutoka Yangambi taasisi ilitandaza vituo nchi nzima. Bambesa na Gandajika vilishughulika na pamba, na Gandajika pia na mahindi. Mvuazi kilikuwa upande wa Bas-Congo. Nioka, kwenye milima ya Ituri, kilifuga ng'ombe na kupima majani ya malisho. Kwetu Kivu kulikuwa na Mulungu, katika Kabare, juu ya ziwa, ambako walichunguza kahawa ya arabika, chai, kwinini na maharage. Ng'ambo, Rwanda, kituo cha Rubona kilikuwa chini ya taasisi hiyo hiyo. Baadaye, mwaka 1947, ikaundwa taasisi nyingine ya utafiti wa sayansi, ambayo kituo chake kikubwa kilijengwa Lwiro, si mbali na Mulungu.

Ni kazi gani ilifanyika huko? Nitatoa mfano mmoja tu, kwa sababu unaonyesha nini maana ya utafiti. Wazee wetu walijua tangu zamani kwamba chikichi haziko sawa. Kuna ile yenye kokwa nene na mafuta machache. Kuna ile isiyo na gamba la kokwa, lakini mti wake mara nyingi hauzai vizuri. Na kuna ya kati, yenye gamba jembamba na nyama nyingi, ambayo kila mtu aliipenda. Taabu ilikuwa moja: ukipanda mbegu za ile nzuri, watoto wake hawafanani. Baadhi wanarudi kuwa na kokwa nene, baadhi hawazai.

Mwaka 1941, watafiti wawili wa Yangambi, Beirnaert na Vanderweyen, walitoa jibu. Chikichi nzuri ni mtoto wa wazazi wawili tofauti: kokwa nene na asiye na kokwa. Ukiwaoanisha wazazi hao kwa mkono, watoto wote watakuwa wale wazuri. Walilijua hilo kwa kuoanisha miti, kupanda, kungoja miaka mpaka izae, kisha kupasua matunda na kuhesabu. Leo karibu mashamba yote makubwa ya michikichi ya Malaysia na Indonesia yanapanda mbegu ya aina hiyo. Mafuta unayonunua sokoni Goma au Uvira yakiwa yametoka Asia, kumbuka kwamba siri yake ilifunguliwa katika msitu wa Tshopo.

Kuna mfano mwingine. Katika nchi nyingi wataalamu wa migomba wanaijua aina inayoitwa Yangambi Km 5. Inapendwa kwa sababu inavumilia magonjwa yanayoangamiza nyingine. Imebeba jina la kijiji chetu hadi ng'ambo za bahari, na wengi wanaolitamka hawajui kama Yangambi ni mahali.

Nani alishika jembe, nani alishika kalamu

Sasa tuulize swali gumu. Katika kazi hizo zote, Mkongomani alikuwa wapi?

Alikuwepo, kila siku. Ndiye aliyepanda mti kufunga maua kwa mfuko ili mdudu asiingie. Ndiye aliyewaongoza wataalamu msituni na kuwaambia mmea huu kwetu unaitwa hivi na unatibu vile. Hata mpango wa mashamba ya mistari uliojaribiwa kwa Waturumbu karibu na Yangambi katika miaka ya 1940 ulitoka kwenye desturi ya wenyeji ya kulima, kuacha ardhi ipumzike, na kurudi baada ya miaka. Lakini vitabu vilipochapwa, majina juu ya jalada yalikuwa ya Wazungu. Mtu wetu aliandikwa katika orodha ya mishahara.

Haikuwa bahati mbaya. Shule za kilimo zilizofunguliwa kwa Wakongomani zilikusudiwa kutoa wasaidizi na wale tuliowaita monitere, watu wa kupeleka amri kijijini. Chuo kikuu cha kwanza, Lovanium, karibu na Léopoldville, kilifunguliwa mwaka 1954. Mkongomani wa kwanza asiye padri kupata digrii ya chuo kikuu, Thomas Kanza, aliipata Ubelgiji mwaka 1956, miaka minne tu kabla ya uhuru. Tarehe 30 Juni 1960 nchi kubwa kama hii ilipokea uhuru ikiwa na wahitimu wa chuo kikuu wachache mno.

Wiki chache baadaye Wabelgiji wengi walikimbia. Ukafika uasi wa 1964, na Stanleyville ikashikwa. Fikiria kituo kama Yangambi: mashamba ya majaribio yanayohitaji mtu kuyapima kila msimu, na wale wanaojua maana ya kila namba wameondoka. Miti ilibaki na vibao vyake, lakini hapakuwa na mtu wa kuvisoma.

Bei ya elimu iliyopotea

Hapa ndipo wale wanaouliza muhogo una haja gani na dokta wanapaswa kusikiliza vizuri.

Kahawa ya robusta ina ugonjwa unaoikausha mti mzima. Majani yananyauka, yanaanguka, na ukibandua gamba la shina unaona michirizi myeusi. Ugonjwa huo ulijulikana tangu miaka ya 1920 na 1930. Watafiti walipambana nao kwa njia mbili: kung'oa na kuchoma miti iliyougua, na kuchagua mibuni inayovumilia na kusambaza mbegu zake. Kufikia miaka ya 1950 ulikuwa umetulia, na watu wakadhani umekwisha.

Baada ya uhuru kazi ya kuchagua mbegu ikalegea. Mashamba yakaachwa, ukaguzi ukakoma. Katika miaka ya 1970 ugonjwa ukaamka tena kaskazini-mashariki, pande za Isiro, ukatembea kutoka shamba hadi shamba. Mwaka 1993 ukavuka mpaka na kuonekana Uganda, ambako katika miaka iliyofuata uliua karibu nusu ya mibuni yao ya robusta. Familia ngapi zilitoa watoto shuleni kwa sababu ya miti ile iliyokauka, hakuna aliyehesabu. Na dawa yake ilikuwa imekwisha kupatikana mara moja. Ilipotea kwa sababu hapakuwa na watu wa kuirithi.

Sikiliza pia habari ya muhogo, maana hii ina mwisho mwema. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kidudu kidogo cheupe chenye unga unga kilionekana kwenye mihogo pande za Kinshasa na Brazzaville. Kilikuwa kimetoka Amerika ya Kusini bila adui wake. Majani ya sombe yalijikunja, mashina yakadumaa, na kidudu kikasambaa Afrika nzima ya muhogo. Kunyunyizia dawa kila shamba la kila mama kusingewezekana. Watafiti wa taasisi ya kimataifa IITA, yenye makao Ibadan, Nigeria, wakiongozwa na Hans Herren kutoka Uswisi, walikwenda kumtafuta adui wa kidudu kwao alikozaliwa. Mwaka 1981 alipatikana Paraguay: nyigu mdogo sana, anayetaga mayai ndani ya kidudu. Aliletwa, akapimwa, akaachiliwa. Alifanya kazi bila mshahara, na muhogo ukapona. Herren alipewa Tuzo ya Dunia ya Chakula mwaka 1995.

Wakati ule ule, Congo ilikuwa imeanzisha mpango wake wa taifa wa muhogo pale Mvuazi, kwa kushirikiana na IITA. Vijana Wakongomani walianza kutumwa Ibadan na kwingine kusomea shahada za juu juu ya zao wanalolila nyumbani. Ugonjwa mkali wa mozaiki ulipotuvamia mwishoni mwa miaka ya 1990, tulikuwa na watu na mbegu za kuanzia. Aina kama Sawasawa na Liyayi, ambazo wamama wengi wa Kivu wanazijua kwa jina, zimetoka katika kazi ya vituo vya taifa.

Kalamu inapita mkononi mwetu

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 taasisi ya kikoloni ilipewa mrithi, INERA, ambayo mpaka leo ndiyo yenye Yangambi, Mvuazi, Gandajika, Mulungu na vituo vingine. Mwaka 1971 vyuo vikuu vitatu vya nchi viliunganishwa kuwa kimoja, UNAZA, na mafunzo ya uinjinia wa kilimo yakahamishwa kutoka Kinshasa hadi Yangambi kwenyewe. Mnamo 1981 UNAZA ikavunjwa, na shule ile ikasimama peke yake kwa jina la IFA-Yangambi. Hivyo mtoto wa Mkongomani alianza kusoma kama mwanafunzi mahali ambapo babu yake aliajiriwa kupalilia.

Mmoja wa waliopita Yangambi anaitwa Nteranya Sanginga. Alisomea huko kilimo, kisha akafanya udaktari katika programu ya pamoja ya IITA na Chuo Kikuu Katoliki cha Louvain, Ubelgiji. Somo lake lilikuwa viumbe vidogo vya udongoni. Ukingoa mche wa soya au maharage, tazama mizizi: kuna vinundu vidogo. Ndani ya vinundu hivyo wanaishi viumbe wasioonekana kwa macho, ambao wanachukua mbolea kutoka hewani na kuupa mmea. Kwa mkulima asiyeweza kununua mfuko wa mbolea, habari hiyo ni pesa. Sanginga aliongoza taasisi ya udongo wa nchi za joto mjini Nairobi, na mwaka 2011 akawa mkurugenzi mkuu wa IITA, Mwafrika wa kwanza kushika kiti hicho. Alikaa nacho miaka kumi. Katika kipindi chake IITA ilijenga kituo Kalambo, karibu na Bukavu, na hivyo watafiti wa Kivu Kusini wakapata maabara nyumbani.

Vyuo vingine pia vilizaliwa huku mashariki, mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990: Chuo Kikuu Katoliki cha Bukavu, kile cha Graben mjini Butembo, na Chuo Kikuu cha Kiinjili katika Afrika, pia Bukavu. Vyote vina mafunzo ya kilimo.

Migomba ya Masisi: udaktari unafanya kazi gani hasa

Tuangalie sasa jambo ambalo wengi mmeliona kwa macho yenu. Karibu na mwaka 2001, migomba ya Masisi ilianza kufa kwa namna mpya. Majani yalinyauka, ndizi zikaiva kabla ya wakati, na ukizikata ndani zimeoza. Ukikata shina, usaha wa manjano unatoka. Wengine walisema ni uchawi, wengine wakasema ni sumu ya vita.

Mwaka 2006 andiko lilichapishwa katika jarida la kimataifa la magonjwa ya mimea kuthibitisha kwamba ule ni mnyauko wa bakteria, ugonjwa uliojulikana Ethiopia na uliokwisha kufika Uganda. Jina la kwanza kwenye andiko hilo ni la Vigheri Ndungo, mtafiti wa Butembo. Linganisha na vitabu vya Yangambi vya zamani. Safari hii jina letu liko juu.

Kujua ugonjwa ni nusu ya kazi. Ushauri wa kwanza ulikuwa kung'oa kisiki kizima, na watoto wake wote. Wakulima walikataa, na hawakukataa kwa ukaidi. Kung'oa kisiki ni kazi ya siku nyingi kwa mama aliye peke yake, na baada ya hapo nyumba inakaa muda mrefu bila ndizi. Watafiti wakauliza swali jipya: je, ni kweli kwamba shina moja likiugua, kisiki kizima kimeugua? Walipima, wakahesabu, misimu mingi, hapa Kivu na katika nchi jirani. Wakakuta kwamba si machipukizi yote yanaambukizwa. Ukikata mapema shina lililougua peke yake, usawa wa ardhi, na kurudia kila unapoona jingine, ugonjwa unashuka na shamba linabaki na chakula.

Kwa hiyo, kwa yeyote mwenye migomba, yashike haya manne. Kata shina lililougua mara tu unapoliona, chini kabisa, usiache hata wiki. Panga lililogusa mgomba mgonjwa lipitishe motoni au lioshe kwa dawa ya kusafishia madoa kabla hujagusa mwingine. Lile ua jekundu linaloning'inia mwisho wa mkungu, livunje kwa mti wenye panda pindi chane la mwisho likishatokea, maana wadudu wanabeba ugonjwa kutoka hapo. Na usichukue mche kutoka shamba lenye ugonjwa, hata kama ni la ndugu yako.

Maneno manne tu, lakini kila moja lilihitaji miaka ya watu kuinama shambani na daftari. Hiyo ndiyo kazi ya dokta wa mashamba. Anachukua swali la mkulima, analigeuza kuwa jaribio, anahesabu bila kudanganya, kisha analeta jibu ambalo mtu mwingine anaweza kulirudia na kupata vile vile.

Njia ilivyo kwa kijana wa leo

Vijana kadhaa katika familia zilizokimbia wana ndoto hii, na wengine wanayo bila kujua inaitwaje. Njia iko hivi. Kwa utaratibu wa sasa, baada ya diploma ya taifa unasoma licence miaka mitatu, kisha master miaka miwili, halafu doctorat, ambayo kwa kawaida haiko chini ya miaka mitatu, na kwetu mara nyingi inazidi. Unatafuta profesa wa kukuongoza, unaandika swali lako, unafanya majaribio shambani, unaandika tasnifu, ile tunayoita teze, na mwisho unaitetea hadharani mbele ya jopo la walimu.

Ugumu mkubwa ni wakati. Shamba halifanyi haraka kwa sababu wewe una haraka. Huku Kivu tuna msimu A, unaoanza Septemba, na msimu B, unaoanza Februari. Jaribio moja linahitaji kurudiwa katika viwanja kadhaa na misimu kadhaa ili liaminike. Risasi zikilia mwezi wa Novemba na wewe ukakimbia, umepoteza zaidi ya mavuno: umepoteza mwaka mzima wa masomo. Kuna watu katika vyuo vyetu wanaobeba cheo cha asistenti au chef de travaux miaka mingi wakingojea teze ikamilike, huku wakifundisha kwa mshahara usiotosha.

Pesa nazo. Misaada ipo lakini inagombaniwa. Ubelgiji inatoa nafasi kupitia ushirikiano wa vyuo vyake, vikiwemo Louvain na shule ya kilimo ya Gembloux. Upande wa Afrika kuna RUFORUM, muungano wa vyuo vikuu vya kilimo wenye makao Makerere, Uganda, tangu 2004. Kinshasa kuna ERAIFT, shule ya misitu ya kitropiki inayosaidiwa na UNESCO. Na huko Yangambi kazi imeanza kurudi: mnara wa mita 55 umesimamishwa kupima hewa inayoingia na kutoka msituni, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani wanafanya huko tasnifu zao.

Anayetaka njia hii ajue lugha, Kifaransa na Kiingereza. Atunze vyeti vyake kama anavyotunza mtoto: avipige picha, aviweke mahali zaidi ya pamoja, maana nyumba inaungua na mkoba unapotea njiani. Na asidharau mkulima, kwa sababu swali zuri linatoka kwake.

Mbegu iliyo ndani ya kitambaa

Mwanzoni mwa 2025 vita viliingia Goma, kisha Bukavu, miji ambamo wengi wa wanafunzi na walimu hao wanaishi. Wengi wenu mlikwisha kukimbia kabla ya hapo, wengine mara tatu, mara nne. Ninajua kwamba mtu anayetafuta unga wa leo anaweza kuona habari za teze kama mchezo wa watu walioshiba.

Lakini tazameni jambo moja la historia. Baada ya maangamizi ya Rwanda mwaka 1994, vituo vya utafiti vya kimataifa viliungana katika mpango ulioitwa Mbegu za Matumaini, vikarudisha aina za maharage zilizokuwa zimehifadhiwa mbali na vita. Walifanya vizuri. Walipochunguza zaidi, wakakuta kwamba wakulima wengi walikuwa wamekwisha kupata mbegu kwa majirani na sokoni. Wenyewe walikuwa wameokoa sehemu kubwa ya hazina. Watafiti wakajifunza kwamba katika vita, mwanamke aliyefunga maharage kwenye kitambaa anafanya kazi moja na ghala la barafu la wanasayansi.

Kwa hiyo elimu ya kilimo ina nyumba mbili: nyumba ya daftari na nyumba ya jembe. Tulipokuwa na daftari lisilo letu, tulilima kwa amri. Tulipopoteza daftari, kahawa ilikufa kwa ugonjwa uliokuwa na dawa. Sasa daftari liko mikononi mwa watoto wetu, katika vyumba vyenye umeme wa kubahatisha, na ndani yake kuna mihogo yetu, maharage yetu na udongo wetu. Leta inadaiwa kulipa mishahara yao na kulinda vituo vyao. Wenye silaha wanadaiwa kuviacha salama. Nasi raia, kijana wa aina hiyo akifika na utepe wake wa kupimia, tunadaiwa kumwonyesha shamba na kumwambia ukweli. Na akimaliza kuhesabu, tumdai arudi kutueleza alichokipata, kwa lugha tunayoisikia.